Mpira Uliomngoja Mkubwa

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, siku tuliyofungwa mabao manne kule Kabambare na tukarudi Kasongo juu ya lori la pamba bila mtu kuimba. Vijana wa mpira wakinyamaza njia nzima, ujue kuna msiba. Hata dereva, mtu wa maneno mengi, alitutazama tulipofika kivuko cha mto Luama akaamua kunyamaza naye.

Siku hiyo ilinirudia Jumapili iliyopita, ulipokuja na wenzako wawili mkaniwekea simu mbele ya macho ili niione mechi yenu. Macho yangu hayana nguvu tena, lakini niliyoyaona yalinitosha. Kijana wenu anapata mpira, na kabla hajainua kichwa watu watatu wamekwisha kumvamia. Anaupoteza. Mwingine anaupata, anavamiwa, anaupoteza. Nanyi makocha mmesimama pembeni, kila mmoja na kelele zake. Mlipozima simu mkaanza kulaumiana hapahapa kwangu mpaka chai ikapoa. Sikusema kitu, maana mwenye hasira hana masikio, na mimi sipendi kumwaga maneno yangu kama mtu anayemwaga maji ya kunawia. Leo mmetulia. Kaeni. Na wewe usiyecheza mpira, usiondoke. Haya si ya mpira peke yake.

Zamani za Wabelgiji, karibu na mwisho wao, ingawa sisi hatukujua kwamba ni mwisho, timu ya Kasongo ilikuwa ikifundishwa na mzungu. Alipohamishwa, Bwana Mkubwa wa teritware, yaani yule Mbelgiji aliyeitawala wilaya yetu, alituachia sisi weusi tuifundishe wenyewe. Alituachia kwa mashaka, na hakutuficha mashaka yake. Lakini mji mzima ulisikia fahari. Wazee waliokuwa hawajawahi kuutazama mpira walianza kuja kiwanjani na vigoda vyao, si kwa kuupenda mchezo, bali kuona mtu mweusi akipiga filimbi na watu wakamtii.

Tulikuwa watatu. Mkubwa wetu alikuwa Mzee Asumani, fundi cherehani, mtu wa zile familia za Kiislamu za mjini, aliyewahi kuwa askari na akabaki kutembea kama askari hata akienda kununua chumvi. Wa pili alikuwa Petro, mwalimu wa shule ya misioni, ambaye wote tulimwita Moniteri, kama walimu wote walivyoitwa wakati ule. Yeye aliamini kwamba hakuna jambo chini ya jua lisiloweza kuchorwa kwa chaki. Wa tatu ni mimi, Feruzi, mdogo wao kwa mbali. Nilikuwa nimecheza mpaka goti likavunjika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilivunjika kweli, kwa sababu mama alinikataza kucheza siku ya mvua. Mama huyo alikuwa Mbangubangu wa Wamaza, upande wa Kabambare. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Sasa sikia jinsi Kabambare walivyocheza. Timu nyingine za wakati ule zilikungoja. Ukipata mpira walirudi nyuma, wakajipanga mbele ya goli lao, nawe ukaja taratibu na chenga zako, wanawake wakapiga vigelegele. Sisi Kasongo tulipenda mpira wa namna hiyo, mpira wa madaha, wa kunyoosha kanzu. Kabambare hawakungoja mtu. Ukigusa mpira tu, wanakurukia wawili, watatu, wanne, huku wakipiga kelele zinazotoka tumboni. Hawakuwa wakikupiga, usifikiri. Walikuwa wakikunyima pumzi. Mabeki wao ndio waliotushambulia sisi, na washambuliaji wetu ndio waliokuwa wakikimbia kujiokoa. Nilikuwa sijawahi kuona dunia iliyogeuzwa hivyo.

Kesho yake Bwana Mkubwa alituita. Alisema mechi ya marudiano itachezwa Kasongo siku ya sikukuu, mbele yake na mbele ya wageni wake. Tukifungwa tena kama tulivyofungwa, timu inarudi mikononi mwa mzungu. Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma zaidi. Nilitoka pale nikiona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Nilimwona Mzee Asumani akitembea mbele yetu, mgongo umenyooka kama kawaida, lakini mkono ulikuwa ukiichezea filimbi mfukoni bila kuacha. Kama timu ingerudi kwa mzungu, wale wazee wangekunja vigoda vyao na kurudi nyumbani, nao wangewaambia watoto wao kwamba tulipewa, tukashindwa. Hilo ndilo lililokuwa shingoni mwetu, mwanangu. Mabao yalikuwa kitu kidogo.

Basi tukaanza kutafuta dawa, na tulitafuta kila mahali isipokuwa pale ugonjwa ulipokuwa. Mzee Asumani alisema vijana ni walaini, akawapandisha kilima kila alfajiri mpaka mmoja akatapika uji wake. Moniteri Petro alichora mishale ubaoni, mishale mingi hata wachezaji wakashindwa kujua upi ni mtu na upi ni mpira. Mtu mmoja alituletea hirizi, Mzee akaikataa kwa sababu ya dini yake na Petro akaikataa kwa sababu ya dini yake, na hilo ndilo jambo pekee waliloafikiana mwezi ule. Tukabadilisha mabeki, tukaweka wanene. Tukacheza na timu ndogo ya Lusangi kujipima, nao Lusangi walikuwa wamekwisha kuiga ule mtindo wa Kabambare. Tukafungwa na Lusangi. Nasema tena kwa uchungu, mwanangu: na Lusangi.

Kila jioni tulikaa kikao. Mzee alisema kwanza, akasema sana. Petro akafuata, akapinga kwa adabu ndefu. Zamu yangu ilipokaribia, Mzee alikuwa amekwisha kufunga kikao kwa dua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mdogo husema mwisho, na mwisho ulikuwa haufiki.

Na uwanjani ilikuwa vilevile. Nahodha wetu, Saidi, alikuwa mtu mzima kuliko wachezaji wote, mwenye mke na watoto, mtoto wa nyumba yenye heshima mjini. Mguu wake ulikuwa na akili. Desturi yetu, ambayo hakuna aliyeitunga na hakuna aliyeihoji, ilikuwa kwamba mpira ukipatikana nyuma unapelekwa kwanza kwa Saidi. Yeye ndiye anayeugawa. Kijana kumpita Saidi na mpira bila kumpa ilikuwa kama kumpita mkubwa njiani bila salamu. Tulilelewa hivyo. Kwenye sinia ya wali hakuna aliyetia mkono kabla ya mkubwa, na mpira kwetu ulikuwa sinia nyingine. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani anakagua nguo anayoipenda?

Katikati ya hangaiko hilo nikapata habari kwamba mama mkubwa wangu amefariki Wamaza. Nikaomba ruhusa, nikaenda kuhani. Nilipanda lori mpaka liliposhindwa na tope, nikamaliza kwa miguu, na goti langu likanilaani njia nzima. Baada ya kilio, mjomba wangu Kalonda alisema wageni hawawezi kula majani peke yake, akawaita watu twende kuwinda kwa nyavu.

Kama hujawahi kuona uwindaji ule, nikueleze. Nyavu zinafungwa msituni kwa mstari mrefu, na watu wachache wanakaa nyuma yake kimya kabisa. Upande wa pili wanaingia wengine na mbwa wenye kengele za mti shingoni. Hao kazi yao ni kelele tu. Wanapiga vichaka, wanapaza sauti, wanakuja mbio. Mnyama anasikia kelele, anakimbilia kwenye kimya. Na kwenye kimya ndiko kuliko na wavu.

Mjomba aliniweka karibu naye kwenye nyavu kwa sababu ya mguu. Kelele zilipoanza, niligundua kwamba ninazijua. Zilikuwa zilezile za uwanja wa Kabambare, kwa sauti ileile ya tumboni, na vijana wawili waliokuwa wakizipiga niliwatambua: mmoja ndiye beki aliyetusumbua kuliko wote. Mboloko, yule paa mdogo wa msituni, akatoka mbio akaja moja kwa moja wavuni mbele yetu. Akaja wa pili, akanaswa. Wa tatu alikuja, akasimama ghafla, akageuka, akarudi kulekule kwenye kelele. Alipita katikati ya watu na mbwa kabla hawajajua la kufanya, na hakuonekana tena.

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Nikamwuliza, kwa hasira kidogo, kama ndivyo wanavyowafundisha vijana wao mpira. Kwetu, mwanangu, mpwa ana haki nyumbani kwa mjomba wake. Anaweza kushika kuku bila kuomba na hakuna wa kumwita mwizi. Mjomba alinitazama akaona kwamba leo sikufuata kuku.

"Mupwa," akaniambia, "wewe hata wavu ungetaka, ningekupa. Sikiliza basi. Makelele haina meno. Sisi tunamupigia mutoto wenu kelele, yeye anaogopa, anatafuta mukubwa wake. Anamupa mupira. Na kwa yule mukubwa ndiko sisi tuko, kimya, tunangoja. Kapiteni wenu ndiye wavu yetu."

Nilikaa chini. Nilikuwa nikiona mechi nzima upya: kijana anavamiwa, anamtafuta Saidi, anampa, na Saidi anafunikwa na watu watatu waliokuwa hawajapiga kelele hata kidogo. Kila mara. Nikamwambia mjomba kwamba kama ni hivyo, sisi ndio tuliowafungia nyavu.

"Ulikuwa unaona kapiteni anaanguka kila siku?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Na hukusema?"

Nikamweleza habari ya vikao, kwamba mimi ni mdogo na zamu yangu haifiki. Mjomba aliacha kucheka. Akaniambia neno ambalo mpaka leo likinijia ninanyooka nilipokaa: "Heshima ya kunyamaza nyumba ikiungua, hiyo si heshima. Hiyo ni usingizi. Nyuma ya wale wenye makelele iko nini? Hakuna mutu. Enda ukawaambie wakubwa wako."

Ni rahisi kusema "enda". Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikipanga maneno na kuyapangua.

Nilifika Kasongo siku ya Ijumaa. Baada ya sala, Mzee Asumani alikuwa na desturi ya kuwaalika makocha na nahodha kula kwake, Waislamu na Wakristo sinia moja, kama ilivyo mjini kwetu. Mkewe, Mama Zena, alileta wali na samaki na sombe, yaani kisamvu. Tukanawa mikono. Na pale, kabla Mzee hajasema bismillahi, nikaropoka. Mipango yote ya njiani ilinitoroka. Nilisema habari ya nyavu, ya kelele na ya kimya, na nikasema, huku ninamtazama samaki ili nisimtazame mtu, kwamba ugonjwa wetu ni kumpa mpira Saidi.

Petro alijifanya anatafuta mwiba ambao hajala. Mzee Asumani alikuwa mkali, lakini siku ile hakukaripia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisema taratibu kwamba anaona nataka watoto wampite mkubwa kama mti, na kwamba timu ya namna hiyo, hata ikishinda, yeye hataki kuiona. Kisha akaweka mkono wake gotini na hakula.

Naye asipokula, nani atakula? Tulikaa. Samaki alipoa. Wali ulianza kukauka juu. Kuku wa Mama Zena alikuja mpaka ukingoni mwa mkeka akatutazama kwa zamu, kana kwamba anatuuliza kama kweli tunakihitaji chakula kile.

Mama Zena alirudi kuchukua sinia akaikuta imejaa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na alikuwa amesikia yote, maana ukuta wa nyumba ile haukuficha kitu. Hakumwangalia mtu yeyote ila mumewe.

"Baba Zena, ukienda safari unaniacha na ruhusa, watoto wanakula bila kukungoja. Iko siku walikukosea heshima?"

Mzee alikuwa bado anafikiri, na mtu mwenye kiburi akifikiri inaonekana kama amekasirika. Aliyejibu ni Saidi, ambaye tangu nilipoanza kusema hakuwa ameinua macho. Nilikuwa nimemwogopa yeye kuliko Mzee, kwa sababu nilikuwa nimemwita ugonjwa mbele ya watu. Alivuta suruali yake juu kidogo, tukaona miguu ilivyovimba na kuchubuka kutoka Kabambare, naye hakuwa amelalamika hata siku moja. Mkubwa ni jalala, wanasema, kila uchafu unatupwa kwake naye anapokea. Wote tulikuwa tukimtupia mpira tuliouogopa na kuuita huo mzigo heshima.

"Muzee," akasema Saidi, "siku ya mupira, mimi niko safari. Nimeacha ruhusa. Wale watoto wakule."

Mzee Asumani akasema bismillahi, akatia mkono kwenye wali uliopoa, nasi sote tukamfuata kwa njaa ya mbwa.

Hapo ndipo tulipoanza kuwa makocha, mwanangu. Kabla ya hapo tulikuwa watu watatu wenye filimbi moja. Petro aliweka chaki kando akawaleta wanafunzi wake na madebe matupu, wakazunguka kiwanja wakiyapiga mpaka majirani wakaja kulalamika. Debe tupu haliachi kuvuma, akawaambia wachezaji, lisikieni mpaka mlizoee. Mzee Asumani alisimama na filimbi: ukigusa mpira mara ya pili anapiga, umekosea. Na mimi nilionyesha njia ya yule mboloko wa tatu. Kelele zinatoka wapi? Basi peleka huko huko, nyuma ya migongo yao, mwenzako akimbie kuufuata. Haraka haraka haina baraka, lakini msemo huo, nikawaambia, aliyeusema hakuwahi kucheza na Kabambare.

Vijana walielewa kwa kichwa, lakini miguu ilikataa. Alikuwepo mmoja, Kitenge, mdogo kuliko wote, mwana wa wakulima wa Kizimba, mwepesi kama nini. Kila alipopata mpira alimtafuta Saidi kwa macho. Akikaripiwa anaomba radhi, kisha anamtafuta tena. Sikuweza kumlaumu.

Siku ya sikukuu ikafika. Kiwanja kilijaa mpaka watu wakapanda paa la ghala. Bwana Mkubwa alikaa kivulini na wageni wake. Wazee wa vigoda walikuwa mbele, na wameoga. Mjomba Kalonda naye alikuja na watu wa Kabambare, akanipungia mkono kutoka ng'ambo kama mtu anayemsalimu mdaiwa wake, mimi nikajifanya sikumwona.

Mwanzo tulitetemeka. Kelele zilianza, na vijana wetu wakarudia yaleyale. Mpira kwa Saidi, Saidi chini. Mpira kwa Saidi, Saidi chini. Nilimwona Mzee Asumani akiufumba mkono kwenye filimbi. Nilifikiri: basi, imekwisha, timu imerudi kwa mzungu.

Saidi aliinuka akajifuta vumbi. Safari hii Kitenge ndiye aliyeupata mpira, upande wetu, karibu kabisa na pale nilipokuwa nimesimama. Mabeki wa Kabambare wakaja na ile sauti. Kitenge akainua macho kumtafuta mkubwa wake. Na Saidi, mwanangu, alikuwa amempa mgongo. Alikuwa anatembea taratibu kuelekea pembeni, ameinua mkono mmoja juu, kama mtu anayewaaga walio nyumbani. Watu watatu wa Kabambare walikuwa wakimfuata mtu asiye na mpira.

Kutoka golini kwetu golikipa, ambaye kama timu nzima alikuwa amesimuliwa neno la Saidi la kwenye sinia, akapaza sauti: "Kapiteni iko safari!"

Kitenge hakuwa na wa kumtafuta tena. Akaupiga mpira kwenye kelele zenyewe, ukapita kati ya miguu yao, ukaangukia mahali ambapo hapakuwa na mtu hata mmoja. Mwenzake alikuwa amekwisha kukimbilia huko. Hata sasa ninaiona ile nyasi tupu mbele yake, na golikipa wa Kabambare akitoka mbio bila kujua amkimbilie nani. Wavu ulitikisika. Mimi nilisahau goti nikaruka, na goti likanikumbusha.

Kutoka hapo vijana wakawa wanaambiana uwanja mzima, wakicheka, "Kapiteni iko safari," na kila walipovamiwa walipita katikati ya uvamizi. Wale wazee wa vigoda hawakuelewa maneno yale, lakini wakaanza kuyaimba.

Ulitaka nikuambie tulishinda. Hatukushinda. Mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani, na Kabambare hawakuwa wajinga hata mwanzo. Karibu na mwisho walimwacha Saidi aende safari yake, wakarudi kuziba nyuma, wakatunyang'anya mpira na kusawazisha. Bao moja kwa moja, filimbi ikalia. Lakini niliwatazama watu wetu, na sikuona hata mmoja aliyeinamisha kichwa. Bwana Mkubwa alishuka akatupa mkono sisi watatu, akamalizia kwangu, na neno la mzungu wa mpira hakulitaja siku ile wala baadaye. Mjomba Kalonda alinijia akiwa na sauti iliyokauka. Akasema nimekula kwake bila kunawa, kwa hiyo mwaka ujao yeye atakuja kula kwangu. Na alikuja, lakini hiyo ni habari ya aibu nyingine, siisemi leo.

Jioni ile, jua bado lipo, Mama Zena alitandika mikeka uani kwa timu nzima. Sinia zikaja. Tukanawa. Mikono yote ikatulia, kila mtu anamngoja Mzee Asumani. Yeye alitutazama mmoja mmoja, kisha akakunja mikono yake kifuani.

"Leo mimi niko safari," akasema. "Kitenge, anza."

Kitenge aliona ni mzaha. Alimtazama Saidi, kama kawaida yake, na Saidi akageuza uso akatazama ukuta. Basi yule mtoto akatia mkono wake kwenye wali mbele ya wakubwa wote, akala tonge la kwanza, na machozi yakamtoka. Hakuna aliyemcheka. Nakuambia, sijaona tena mtu akipewa heshima kubwa kama mdogo yule, na sijaona mkubwa akiheshimiwa kama Mzee Asumani alivyoheshimiwa tangu siku hiyo. Katika vikao vyetu alianza kuniambia niseme kwanza. Sikuwa na la maana kila siku, lakini zamu yangu ilikuwa inafika.

Sasa shika haya, mwanangu, wewe na hao wenzako wawili. Adui akikujia na kelele, usikimbilie kwenye kimya kwa sababu tu umekizoea. Tazama kwanza nani amekaa huko anakungoja. Nyuma ya wanaokuvamia kuna nafasi, na wao ndio waliokuachia. Usimtupie mkubwa wako mzigo unaokuogopesha ukauita adabu. Na wewe unayeitwa mkubwa, katika timu au katika nyumba, usingoje watu wafe njaa ndipo utie mkono. Toa ruhusa mapema. Ruhusa haipunguzi ukubwa, hao ndio mashahidi wangu: Saidi, na Mzee Asumani, Mungu awarehemu. Mkikaa kikao, anzeni na yule asiyesema. Na dawa mtakayoipata mwaka huu msiifungie sandukuni, kwa sababu Kabambare ya mwaka ujao nayo inafikiri.

Nilikuona Jumapili ukitaka kuniuliza mfanye nini, kisha ukaogopa, ukanywa chai baridi. Umekuwa ukinitafuta kwa macho tangu ulipoanza kazi hii. Mimi sijui hao wanaowavamia wamelelewa kwenye nyavu za namna gani. Wewe ndiye uliyewaona kwa karibu. Mungu ayape macho yako nuru na miguu ya vijana wako wepesi. Awape wachezaji watakaokusikia, na akupe wewe masikio ya kuwasikia wao. Akuepushe na kiburi siku ya bao na hasira siku ya kufungwa. Wanao wakukute mkubwa, nao wale chakula mbele yako bila hofu.

Mimi, mwanangu, niko safari. Nimeacha ruhusa.